Uzi maalum: Umetoka jeshi la Marekani unataka kibali cha kubeba bastola? DD-214 (karatasi ya kutoka jeshini) inakusamehe darasa, ila soma hapa kwanza

Dereva_wa_Malori
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wabongo, wakenya, wakongo na wote wanaoongea kiswahili mliopita jeshi la Marekani, najua humu mpo wengi kimyakimya. Kila wiki inbox naulizwa swali lile lile, mkuu nimemaliza jeshi, je nalazimika kusoma kozi ndo nipate kibali cha kubeba bastola ndani ya nguo? Nikijibu mmoja mmoja nitazeeka, acha niandike mara moja.

Kwanza niseme mimi ni nani msije mkadhani anaongea komandoo. Niliingia na grini kadi, nikawa 88M, yaani dereva wa malori, miaka minne na nusu. Bunduki ya M4 nimeibeba, nimelala nayo, nimeisafisha mpaka harufu ya yale mafuta naiota usiku. Bastola? Jeshini sikuishika hata siku moja. Hilo liwekeni pembeni tutalirudia.

Jibu la swali lenyewe ni kwamba inategemea unaishi jimbo gani, hakuna kibali cha taifa zima. Mimi nipo Virginia. Hapa sheria inakutaka uonyeshe kwamba unajua kutumia silaha, na njia ziko nyingi, kozi yoyote ya NRA (chama cha wamiliki wa bunduki), kozi ya usalama ya wawindaji, mashindano ya shabaha, na mojawapo ni ushahidi kwamba umeachishwa jeshi kwa heshima. Haijali ulikuwa mpishi, karani au mpiga mbizi. Karatasi ni karatasi. Umri miaka 21, maombi unapeleka mahakama ya mzunguko ya kaunti au mji unaoishi, ada zote kwa pamoja haziruhusiwi kuzidi dola 50, mahakama ina siku 45, kibali kinadumu miaka 5. Na darasa la mtandaoni lile watu walilokuwa wanamaliza wakiwa kitandani halikubaliki tena tangu 1 Januari 2021, asije mtu akakuuzia.

Sasa nikaenda zangu pale kwa karani na fomu yangu na DD-214 nimeikunja vizuri kwenye bahasha. Mama mmoja mtu mzima, miwani puani, akaifungua akaitazama juu mpaka chini akaigeuza na nyuma, akaniuliza nyingine iko wapi? Nyingine ipi tena mama. Kumbe wakuu DD-214 ina nakala fupi na nakala ndefu! Fupi ndo ile Member-1, haina sehemu ya chini inayosema umetokaje jeshini. Ndefu ni Member-4, na hiyo ina kisanduku namba 24 kinachoeleza aina ya utumishi wako, pale ndo wanatafuta neno HONORABLE. Mimi nilikuwa nimeibeba fupi miaka yote kama mjinga, nimeombea kazi nayo, nimeilaminishia. Nikarudi nyumbani nikapekua begi la kijani lote mpaka soksi za kambi ya Fort Bliss zikatoka na vumbi lake, nikaipata ndefu chini kabisa imegandana na cheti cha udereva. Kesho yake nikarudi, mama akagonga muhuri hata dakika tano hazikufika.

Kibali kikaja. Yaani nimepewa ruhusa ya kutembea na bastola kiunoni sokoni, na sijawahi kufyatua bastola maishani mwangu. Hapa ndo kiini cha uzi.

Nikanunua bastola, nikaenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, kwa majivuno maana jeshini nilikuwa Sharpshooter, daraja la pili la shabaha, 34 kwa 40. Nikaishika kama nilivyoona kwenye sinema, kidole gumba cha mkono wa kushoto nimekipitisha nyuma. Risasi ya kwanza ile slaidi, chuma cha juu ya bastola, ikarudi ikanikwangua ngozi kati ya gumba na kiganja, damu inachuruzika kwenye meza ya watu. Nikafunga na tishu, nikaendelea, mwanaume halii. Risasi kumi za kwanza kwenye shabaha ya mita saba, mita saba wakuu, kutoka hapa mpaka jikoni, zote zimekwenda chini kushoto kwenye nyonga ya yule mtu wa karatasi, mbili hazikugusa karatasi kabisa. Mimi niliyekuwa naangusha shabaha za mita 300!

Jirani yangu pale, bibi wa miaka kama 65, akaniambia kijana unausubiri mshindo, unaisukuma bastola chini kabla haijalia. Bunduki ndefu inakaa begani, shavu limeegemea, ina pointi nne za kushikilia. Bastola inakaa kwenye mikono miwili tu na pipa lenyewe fupi kama kidole, ukitingishika kidogo tu mbele kule umepotea. Ni vitu viwili tofauti kabisa, kuendesha lori la tani kumi hakukufanyi uwe dereva wa bodaboda.

Basi nikalipia kozi ambayo sheria imenisamehe. Na kulenga ilikuwa sehemu ndogo, kazi kubwa ilikuwa sheria. Jeshini unapewa kadi ya masharti ya matumizi ya nguvu, kuna kamanda juu yako, kuna wenzako. Mtaani uko peke yako na ukifyatua unajibu mwenyewe mbele ya mwendesha mashtaka. Nilivyojifunza siku ile baadhi tu:

Virginia ukiwa na bastola umeificha ndani ya mgahawa unaouza pombe, kukaa ruksa, kunywa hapana hata bia moja. Polisi akikudai kibali unatoa pamoja na kitambulisho chenye picha. Posta marufuku. Na hii ndo inawaumiza wastaafu wa jeshi: hospitali ya VA, idara ya wastaafu wa jeshi, ni mali ya serikali kuu, silaha hairuhusiwi hata ukiwa na kibali cha jimbo, na sisi ndo tunaokwenda pale kila mwezi kufuata vidonge vya mgongo. Kambi ya jeshi nayo hivyo hivyo, kibali cha jimbo getini hakikusaidii.

Halafu mto Potomac. Ukivuka daraja kuingia Washington au Maryland kibali chako cha Virginia kimekufa, hawakitambui. Kuna watu wanakaa Woodbridge upande wetu wanafanya kazi Silver Spring ya Maryland, kila asubuhi wanavuka. Usisahau kitu kiunoni.

Karibuni, wa majimbo mengine wekeni ya kwenu.

Bint_Kisauni
Mwanaume halii 😂😂 na tishu juu

KijanaWaTexas
Mkuu umeandika gazeti zima kwa kitu ambacho huku hatukihitaji. Texas tangu 1 Septemba 2021 ukiwa na miaka 21 na huna makosa unabeba bila kibali. Mnajitesa na makarani bure. Hameni.

Dereva_wa_Malori
@KijanaWaTexas ni kweli, na sasa hivi zaidi ya nusu ya majimbo yako hivyo. Lakini usitupe LTC yako, leseni ya Texas ya kubeba. Mosi ukisafiri, majimbo mengi yanatambua kibali cha Texas ila hayatambui maneno "kwetu haihitajiki". Pili kuna sheria ya serikali kuu ya maeneo ya shule, futi 1,000 kuzunguka shule yoyote huruhusiwi kuwa na silaha barabarani, na msamaha ni wa mtu mwenye leseni ya jimbo lile lile shule ilipo. Sasa niambie Houston utaendesha vipi gari bila kupita futi elfu za shule? Tatu dukani ukiwa na LTC hausubiri simu ya ukaguzi, unajaza fomu unaondoka.

KijanaWaTexas
Ya shule sikuijua aisee. Na waliotoka jeshini kwa heshima ada yao ni nafuu. Nimeshika adabu.

Mwana_wa_Kisii
Mimi niko Minnesota na nataka kuwaambia ndugu zangu wa huku Brooklyn Park kwamba hii ya DD-214 HAIFANYI KAZI hapa. Nilienda kwa sherifu nikiwa na confidence yote, na folda, na picha ya Afghanistan, nikaambiwa pole sana, cheti cha kozi kiko wapi? Minnesota inataka mafunzo yaliyofanyika ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, anayesamehewa ni polisi aliye kazini. Mwanajeshi unakaa darasani na kila mtu. Na ukirenew baada ya miaka 5 unarudi darasani tena. Nilikasirika wacha tu, lakini nikakaa, na kule ndani nikagundua sikujua kwamba hapa kabla ya kutumia nguvu ya kuua nje ya nyumba unatakiwa ukwepe kama kuna njia. Jeshini nani alikufundisha kukwepa?

Dereva_wa_Malori
Umenena. Hilo la kukwepa Virginia liko tofauti, ndo maana nasema mtu asichukue ushauri wa binamu yake wa jimbo lingine.

mtu_wa_Chicago
Illinois wametukata nusu kwa nusu. Raia wa kawaida saa 16, aliye jeshini au aliyetoka kwa heshima anahesabiwa saa 8 tayari, anamalizia 8. Ada dola 150 na lazima uwe na kadi ya FOID, ya kumiliki silaha. Renji unafyatua risasi 30, kumi kwa yadi 5, kumi kwa yadi 7, kumi kwa yadi 10, upate asilimia 70. Jamaa yangu alikuwa infantry, askari wa miguu, miaka sita akapata 20 akaambiwa rudia, tulimcheka mpaka Aurora.

Dereva_wa_Malori
20 kwa 30. Mwambie gumba asiliweke nyuma.

Askari_MP
Niwasahihishe kidogo wakuu. Mnasema mwanajeshi hajui bastola, semeni mwanajeshi wa bunduki ndefu. Sisi MP, polisi wa jeshi, tulibeba M9 ile Beretta kila siku, baadaye tukaletewa M17, ile Sig iliyoshinda tenda 2017. Bastola ilikuwa kazi. Kwa hiyo msitupake wote rangi moja.

Na Colorado ambako niko sheria yao imeliona hilo. Ukiwa umetoka kwa heshima ndani ya miaka 3 kabla ya kuomba, hiyo inatosha. Zaidi ya hapo wanataka karatasi ya kutoka jeshini ionyeshe umefuzu BASTOLA ndani ya miaka 10. Ndugu yangu mmoja wa logistics alitoka 2014, anaangalia DD-214 yake kisanduku 13, kimeandikwa Expert na bunduki. Bunduki si bastola. Akaenda darasani, na sasa hivi Colorado kuanzia Julai 2025 darasa lenyewe ni saa 8 na kufyatua risasi humo humo, si mchezo.

Dereva_wa_Malori
@Askari_MP nimekubali mkuu, MP mko nje ya maneno yangu. Colorado ndo walioandika kwa akili kuliko wote kwa maoni yangu, wametenganisha karatasi na ujuzi. Virginia wangu wametupa msamaha mpana kama heshima hivi, nashukuru lakini msamaha haukuzuia damu.

Mama_Shujaa
Jamani mimi sijawahi kuwa jeshini, mume wangu ndiye. Tuko Maryland. Nimesoma kwamba huku raia wa kawaida ni saa 16 za darasa na aliyetoka jeshi kwa heshima amesamehewa, nimeona kwenye fomu ya polisi wa jimbo. Swali langu ni lingine naomba msinicheke. Mume wangu hataki kwenda VA kuonana na daktari wa akili kwa sababu wenzake wamemwambia ukiandikwa PTSD, ule msongo wa akili wa baada ya vita, wanakunyang'anya silaha na kibali hupati. Usiku halali. Ni kweli?

Dereva_wa_Malori
Dada, hakuna wa kukucheka hapa.

Kupimwa na kuandikwa PTSD peke yake hakumpotezei mtu haki ya kumiliki silaha kwa sheria ya serikali kuu. Kinachomfunga mtu ni mahakama au chombo cha kisheria kutamka kwamba hajiwezi kiakili, au kulazwa kwa amri bila hiari. Kwenda mwenyewe kuongea na daktari siyo hiyo. Kibali cha Maryland kina maswali yake na uchunguzi wake, hapo asome fomu mwenyewe aulize na wakili kabla ya kusaini, lakini asiache matibabu kwa maneno ya kijiweni. Mimi mwenyewe ninakwenda, na kibali ninacho.

La pili nakuambia kama shemeji yako. Kama halali na nyumbani kuna bastola, kwa sasa iwekwe kwenye sefu na namba uzijue wewe, au akae nayo rafiki yake anayeruhusiwa kisheria mpaka atulie, Maryland wana taratibu za kuazimana silaha kwa hiyo muulize polisi wa jimbo kwanza. Siyo kunyang'anywa, ni kuwekewa. Mwaka mmoja mimi niliwekewa. Na simu ni 988 halafu bonyeza 1, ni ya sisi tuliotoka jeshini, na wewe mke unaweza kupiga pia.

Mama_Shujaa
Asante kaka. Nimemuonyesha. Hajasema kitu ila kasoma yote.

Askari_MP
Shemeji mwambie aniandikie inbox, tutaongea kiswahili tu, mambo ya jeshi kuyasema kwa kiingereza yanachosha.

Mzee_wa_Mbagala
Sisi wa Bongo tumekaa pale tunasoma tu 🍿 yaani unapewa ruhusa ya bastola kwa barua ya kuacha kazi? Huku unaanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akikuchukia kisa hukumchangia msiba umeishia hapo hapo.

Dereva_wa_Malori
😂😂 Mzee wangu shikamoo. Kila nchi na karani wake.

Guard_Wa_Ohio
Mimi nilikuwa National Guard tu, jeshi la akiba la jimbo, sikupelekwa popote, DD-214 yangu ni ya mafunzo ya mwanzo. Inakubalika?

Dereva_wa_Malori
Guard ukimaliza mkataba unapewa NGB-22, hiyo ndo karatasi yako ya kutokea, ina aina ya utumishi kama DD-214. Nenda na zote mbili. Ohio pia tangu Juni 2022 unabeba bila kibali, ukitaka leseni kwa ajili ya safari ndo unapeleka kwa sherifu, muulize yeye mwenyewe anachokitaka kwa mtu wa Guard.

Mdogo_Mtu
Wakuu nina cousin yangu amekuja kusoma, yuko na visa ya F-1, wikiendi nataka nimpeleke renji afyatue kidogo apige picha. Kuna shida?

Dereva_wa_Malori
SHIDA KUBWA. Usimpeleke. Mtu wa visa ya muda, mwanafunzi, mtalii, kwa sheria ya serikali kuu haruhusiwi kushika silaha wala risasi, isipokuwa vighairi vichache kama kuwa na leseni ya kuwinda ya jimbo. Renji ya kukodi bado ni kushika. Picha yenyewe anayoiposti ndo ushahidi. Mwenye grini kadi ni sawa, wa visa hapana. Mpeleke akale nyama choma.

Na kwa kuwa tumefika huku: bangi. Virginia mtu mzima anaruhusiwa tangu Julai 2021, lakini fomu ya dukani ya kununua silaha, ile 4473, inauliza kama unatumia, na inakuambia waziwazi hata kama jimbo lako limehalalisha. Ukidanganya kwenye ile fomu ni kosa la jinai la peke yake.

Bint_Kisauni
Cousin ameponea kwa mkuu 😅

Supply_Sajenti
Kiongozi mimi DD-214 yangu imepotea kwenye kuhama, nifanyeje? Na nakumbuka kisanduku 24 hakikuandikwa HONORABLE tupu, ilikuwa na maneno marefu.

Dereva_wa_Malori
Nakala inaombwa National Archives, kituo cha kumbukumbu kiko St. Louis, kwa mtandao au kwa fomu SF-180. Omba ile ndefu, usije ukarudi kwangu na fupi. Wa zamani sana ndo wana taabu, pale St. Louis paliungua Julai 1973 yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, lakini wewe wa juzi yako ipo.

Maneno marefu hayo nadhani ni GENERAL, UNDER HONORABLE CONDITIONS. Si kitu kimoja na HONORABLE. Sheria ya Virginia imetaja kuachishwa kwa heshima, karani akikukatalia huna pa kusimama.

Supply_Sajenti
Ndo hiyo hiyo. Nilichelewa formation, kujipanga mstari, mara tatu basi wakanimaliza. Sasa nimeshakosa?

Dereva_wa_Malori
Hujakosa kibali, umekosa njia ya mkato tu. Iliyokatazwa silaha kwa sheria ya serikali kuu ni DISHONORABLE, na hiyo inatolewa na mahakama ya kijeshi, wewe haikuhusu. Unachukua kozi ya darasani kama raia mwingine unapeleka cheti. Pembeni na hilo unaweza kuomba bodi ya mapitio waibadilishe, fomu DD-293, una miaka 15 tangu ulipotoka. Omba hata kama kibali utakipata kwa njia nyingine, maana kile kisanduku kinagusa na hela za shule.

Supply_Sajenti
Miaka 15! Nilidhani imeisha. Nimeona kozi ya jumamosi hii, ni ya mtu na mtu siyo mtandaoni, nimelipia sasa hivi. Nivae nini?

Dereva_wa_Malori
Kofia yenye ukingo mbele, viatu vya kufunika, na shati la kola ufunge mpaka kifungo cha juu. Ganda la risasi linatoka la moto, likiingia kifuani utacheza sindimba na bastola mkononi, na mwalimu atakutoa nje.